Kutoka lami hadi getini: krosova ipi kwa mfuko wa kawaida?

Sampo ikikwaruza jiwe hutoa sauti ambayo aliyeisikia akiwa nyuma ya usukani haisahau. Mimi niliisikia Aprili moja, Goba, mita mia mbili kabla ya geti letu, nikiendesha gari la chini nililokuwa nikilisifia kwa kila mtu kwamba halinywi mafuta. Mvua ilikuwa imechimba korongo katikati ya njia. Nikapandisha tairi za kulia kwenye kingo, za kushoto zikazama, tumbo la gari likakaa juu ya jiwe. Kulipokucha kulikuwa na dimbwi jeusi chini ya injini. Fundi aliyekuja hakuuliza lita moja inanifikisha wapi. Aliuliza, "Kaka, kutoka kwako hadi lami ni umbali gani?"

Ni kilomita moja na nusu. Kwa siku nilikuwa natembea kama kilomita arobaini, na thelathini na saba kati ya hizo ni lami tupu. Gari nililichagua kwa ajili ya hizo thelathini na saba. Tatu zilizobaki ndizo zilizonitia gharama.

Nasimulia haya kwa sababu swali la gari gani dogo la juu linamfaa mtu wa kipato cha kati sasa linaulizwa kila kona ya Dar es Salaam, na majibu karibu yote huanzia kwenye jina: chukua Toyota, usiguse Nissan, Mazda tamu lakini ogopa. Majina yana nafasi yake, nitayafikia. Ila mji huu kwanza unadai mambo mawili yanayovutana. Njia za mitaani baada ya masika, iwe Madale, Kivule au Chanika, zinadai gari lililonyanyuka. Foleni ya Morogoro Road au ya Mandela saa kumi na moja jioni inadai gari jepesi, injini ndogo, na giaboksi isiyochoka kutambaa. Gari la juu kwa kawaida ni zito, na gari zito hunywa.

Krosova ilizaliwa katikati ya mvutano huo: mwili wa gari dogo, usio na chasisi ya lori chini yake, ukanyanyuliwa. Toyota walitoa RAV4 mwaka 1994, Honda wakafuata na CR-V mwaka 1995, zote zikitumia viungo vya magari ya kawaida ya familia. Leo kila kiwanda kina yake, na nyingine zimenyanyuliwa kwa macho tu.

Kipimo ninachokitumia ni tofali la inchi 6, lile la kujengea ukuta. Upana wake ni kama milimita 150. Toyota C-HR ya haibridi, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2016, ina milimita 140 kutoka ardhini. Ukiitazama kwa pembeni imekaa kama chui anayevizia, lakini tofali hilo halipiti chini yake. Nissan Juke ina 170. Honda Vezel ya toleo la kwanza, ya kuvuta mbele, ina 185, sawa na Toyota Raize. Toyota Rush ya Japani inafika 200, na Mazda CX-5 ina 210. Hizo ni namba za gari tupu lenye springi mpya. Pakia watu watano, gunia la mchele kutoka Kariakoo, weka na shokapu zilizochoka tangu Yokohama, namba inashuka kabla hujatoka kwenye maegesho.

Hapa watu huuliza kuhusu fowili. Kwa anayekaa mjini nasema wazi: mara nyingi ni pesa ya kujionyesha. Gari hukwama kwenye njia zetu kwa sababu tumbo limekaa juu ya tuta, na likishakaa hapo hata magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Fowili inaongeza uzito, inaongeza propela, difu ya nyuma na bushi zake, na inaongeza mafuta. Vezel ndiyo inayonichekesha zaidi: ile yenye fowili iko chini kwa milimita 15 kuliko ile isiyo nayo. Unalipa zaidi ili ukwaruze mapema. Anayepanda mlima wa utelezi kila siku, au mwenye shamba Mkuranga anakokwenda kila Jumamosi, huyo simzuii.

Tuje kwenye foleni, maana huko ndiko gari la mjini linakokwisha.

Magari mengi tunayoyaita automatiki yana giaboksi za aina tatu au nne zisizofanana kabisa, na tofauti hiyo ina uzito kuliko chapa iliyoko kwenye boneti. Ile ya kizamani, yenye gia nne au sita na konveta ya oili kati ya injini na gia, hustahimili kutambaa. Ukisogea nusu mita na kusimama, kinachoteleza ni oili juu ya oili, hakuna kinacholika. Rush ya Japani ina hiyo, gia nne tu, ya kishamba kabisa. CX-5 ina hiyo pia, ya gia sita.

Ya pili ni CVT. Ndani yake kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Kinachobana ni shinikizo la oili, na oili hiyo ina kazi mbili kwa pamoja: ilainishe, na papo hapo iuache mkanda ushike chuma bila kuteleza. Ndiyo maana si oili yoyote. Nissan wanataka NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Fundi wa kona aliyezoea kumimina haidroliki nyekundu kwenye kila kitu akiimimina humo, mkanda unaanza kuteleza, unachubua puli, chembe za chuma zinasambaa, na miezi michache baadaye gari linanguruma bila kwenda. Sifa mbaya ya Nissan Dualis mtaani imetoka hapo kwa sehemu kubwa. Sehemu nyingine ni joto: saa mbili Ubungo, feni ya AC ikivuma, oili ya giaboksi inapikwa kila siku. Anayebadilisha oili sahihi kila baada ya kilomita 40,000 hivi, bila kusubiri dalili, hukaa na CVT yake. Tatizo ni kwamba gari la mtumba linakuja na mazoea ya mwenye nalo wa kwanza, wa pili, na fundi wao.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa kwa mji huu: giaboksi ya klachi mbili kavu. Vezel ya haibridi ya toleo la kwanza, iliyotoka Desemba 2013, ina hiyo, ya gia saba. Barabara ikiwa wazi ni tamu. Kwenye foleni ya kusogea hatua kwa hatua, klachi kavu inasuguana kila mguso, inapata joto, na gari linaanza kutetemeka likianza kuondoka. Japani kwenyewe mfumo huo uliitwa kiwandani kurekebishwa zaidi ya mara moja katika miaka yake ya mwanzo. Vezel ya petroli tupu, yenye CVT, ni gari jingine kabisa ingawa sura ni ileile. Dalali atakwambia zote ni Vezel.

Haibridi ya Toyota haina klachi hizo wala mkanda. Ina gia za sayari zinazogawa kazi kati ya injini na mota, na kwenye foleni injini huzimika, mota ikasogeza gari kimya. Kwa foleni peke yake sioni kinachoishinda. Ila kumbuka tofali letu, na kumbuka pia kwamba betri yake hupumua kupitia tundu la hewa lililoko kwenye kiti cha nyuma. Nimeona tundu hilo limezibwa na mkoba wa shule na vumbi la mwaka mzima. Betri inayokosa hewa katika joto la Februari haiishi sana.

Tupige hesabu ya mafuta, maana watu husema "linakunywa" bila kutaja kiasi. Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi. Krosova ya lita 1.5 kwenye foleni tuseme inakupa kilomita 11 kwa lita. Ya lita 2.4 inakupa 7 na nusu. Ya kwanza inataka lita 91, ya pili lita 133. Petroli tukiiweka shilingi 3,000, tofauti ni kama shilingi 126,000 kwa mwezi, milioni moja na nusu kwa mwaka. Si ndogo. Lakini giaboksi moja ikifa inaweza kumeza akiba yote hiyo kwa wiki moja, ndiyo maana nimeizungumzia kwanza.

Kodi nayo ina mtego wake. Anayeagiza gari Japani hupigania dola mia tatu za mnada, akasahau kwamba kinachopandisha bei bandarini ni umri. Kwa utaratibu uliozoeleka Tanzania, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hutegemea injini: isiyozidi cc 1,000 hailipi, kati ya 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18.

Weka mezani magari mawili ya cc 1,500. La kwanza lina zaidi ya miaka 10, na TRA wamelithamini dola 5,000. Kwa viwango hivyo linafika kama dola 9,950 kabla ya tozo ndogondogo na gharama za bandari. La pili lina miaka saba, thamani dola 6,400. Linafika kama dola 9,900. Umeona? Gari jipya zaidi kwa miaka minne, kwa pesa ileile. Ukubwa wa injini hauna makali hayo: gari lile la dola 5,000 likiwa na injini ya cc 2,400 lingeongeza chini ya dola 400. Viwango huguswa na bajeti ya kila Juni, na TRA hutumia thamani iliyoko kwenye mfumo wao bila kujali risiti yako, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata senti.

Wakenya hawana uchaguzi huo. Sheria yao inakataa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ndiyo sababu Nairobi imejaa Vezel na CX-5 wakati sisi bado tunanunua Rush za 2007 na RAV4 zilizotangulia hapo. Wao wanalipa zaidi mwanzoni. Sisi tunalipa taratibu, gereji, na wengi hatujumlishi.

Sasa majina.

Kwa anayekaa mbali na lami na mwenye mfuko wa wastani, ningemwambia Rush ya Japani, ile iliyotengenezwa kati ya 2006 na 2016, injini ya cc 1,495 yenye taimingi cheni. Ni ya juu kweli, ina giaboksi isiyo na makuu, na inageuka kwenye nafasi finyu isiyofikia mita 5 za nusu kipenyo, jambo utakaloliombea kwenye uchochoro wa Tandale ukikutana na bajaji. Kasoro zake si siri. Inarusha kama mkokoteni kwenye matuta, injini inalia kupanda mlima na AC ikiwa wazi, na kwa cc 1,500 ulaji wake wa mafuta si wa kujivunia. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni ukiwa umebeba tairi ya akiba, hivyo ukiegeshewa nyuma huutoi mzigo. Usiichanganye na Rush ya Indonesia ya watu saba; hiyo ni nyingine.

Mwenye pesa zaidi kidogo na anayekaa karibu na lami aangalie Raize. Ilitoka Novemba 2019 ikiwa na injini ya turbo ya cc 996, yaani iko chini ya ule mstari wa cc 1,000, na ni fupi: urefu hauzidi mita 4. Turbo ndogo inataka oili nzuri na ibadilishwe kwa wakati. Asiyekuwa na desturi hiyo asiiguse.

CX-5 ndiyo niipendayo kuiendesha, na ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote. Japani waliuza dizeli nyingi sana za lita 2.2, kwa hiyo ndizo zinazotujaa sokoni. Injini hiyo ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likitembea mwendo mzuri kwa muda. Safari ya Sinza hadi Posta, kilomita kumi kwa saa moja na nusu, haiwashi moto huo vizuri. Linajaribu, linakatishwa, linajaribu tena, na dizeli inayomwagwa kwa ajili ya uchomaji inateremka kwenye oili ya injini. Ndiyo maana kijiti chake cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikifika hapo imezidi, na kilichoizidisha ni mafuta. Vuta kijiti hicho kabla hujatazama rangi ya viti. Kwa mtu wa Dodoma kwenda Singida kila wiki dizeli hiyo ni gari zuri. Kwa Posta na Sinza, petroli ya lita 2.0 au basi.

Dualis, ambayo ni Qashqai ya Ulaya kwa jina la Kijapani, na za mwanzo zilijengwa Sunderland, Uingereza, ni rahisi kununua kwa sababu ya hofu. Hofu hiyo ni punguzo kwa anayejua kukagua CVT na aliyetenga pesa ya oili sahihi siku ya kwanza. Asiyejua, punguzo hilo atalirudisha lote. RAV4 za 2000 hadi 2005 zenye injini ya lita 2.0 ya D4 siwezi kumshauri mtu leo: pampu yake ya shinikizo na masizi kwenye njia ya hewa vimewalisha mafundi wengi. Forester inapanda popote, lakini fowili yake ya kudumu inakula kwenye foleni, na za kabla ya 2010 hudai belti ya taimingi na jicho kwenye gasketi za silinda hedi. Vanguard ni gari la barabara kuu.

Na IST? Si krosova, ingawa Toyota walipoitoa mwaka 2002 waliipa sura ya kujitutumua hivyohivyo. Kama lami inafika getini kwako, funga ukurasa huu ukanunue IST safi. Spea zake utazipata Ilala Shauri Moyo hadi kwa mpika chapati.

Kuhusu kukagua, neno moja la namba. Mtaani bado tunaulizana kama ni namba D au namba E, kana kwamba bamba linasema gari lina afya gani. Linasema tu liliingia nchini lini. Karatasi ya mnada wa Japani inasema zaidi: daraja la 4 na kuendelea ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo, R lilishapata ajali likatengenezwa. Namba ya chasisi unayo, karatasi hiyo inatafutika, na kilomita zilizoandikwa humo ndizo za kulinganisha na za dashibodi. Gari lenye kilomita 62,000 kwenye dashibodi na usukani uliokwisha ngozi linakueleza habari zake lenyewe.

Mwaka jana nilikwenda kutazama krosova moja yadi, kando ya Bagamoyo Road, na fundi yuleyule wa sampo. Jina la gari silitaji. Injini ilikuwa imeoshwa inang'aa, naye akasema kwa sauti ya chini, "Wameogesha maiti." Akaweka mkono juu ya boneti: ilikuwa ya moto, maana yake waliliwasha kabla hatujafika. Tukangoja dakika arobaini lipoe, dalali akitembea huku na huku na simu sikioni. Kisha nikaomba jambo ambalo nadhani hakuwahi kuombwa. Badala ya kuzunguka Mwenge na kurudi, nilitaka tulipeleke hadi kwangu.

"Bosi, huko kuna vumbi," akasema.

"Ndiko litakakolala."

Tukaenda, watu wanne ndani. Kwenye korongo langu lilipita bila kugusa hata jani, nikaanza kutabasamu. Karibu na geti kuna kimlima, na kuingia lazima urudi nyuma kidogo ukipanda. Nikaweka R. Gari likasita, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likashika, likaachia, likashika tena. Fundi alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema neno, aligonga tu bega langu mara mbili kwa kidole. Nikalirudisha yadi mwendo wa pole, nikamkabidhi dalali funguo.